Kambi zitujengee pa kufulia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Bombo, Uganda. Kwa miaka 11 nimekuwa mpishi wa safari kwenye gari la watalii wanaolala mahemani. Niliajiriwa kwa ajili ya sufuria, lakini nguo nazo huniangukia. Mtu akishuka kutoka kwa gorila wa Bwindi, matope yamemfika magotini, na keshokutwa anaitaka suruali ileile.

Mwaka juzi tulifika kambi moja ya watalii kandoni mwa Ziwa Albert. Bombani palitundikwa kibao: MARUFUKU KUFUA. Nikamwuliza mlinzi, "Sasa baba, tufulie wapi?" Akanyoosha kidole ziwani. Nikapandisha leso, nikasimama majini karibu saa nzima nikifikicha. Usiku miguu iliniwasha mpaka nikaisugua kwa chumvi. Miezi ikapita, tumbo likaanza kunisokota, nikaona damu chooni. Zahanati wakapima choo: kichocho. Nikameza vidonge vinne vya prazikwanteli siku hiyohiyo.

Muuguzi ndiye aliyenifungua macho. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi nzima, isiyo na hata mkwaruzo. Huhitaji kunywa maji. Kusimama tu kunatosha. Vikikosa mtu hufa baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo maji ya ziwa yaliyotulia siku mbili kwenye mtungi, bila konokono ndani, hufulika. Lakini msafiri anayeondoka kesho alfajiri atayasubirije? Mwenye kambi ndiye mwenye tangi, si mimi.

Kambini hapo hapakuwa na kamba pia. Nguo nikazitandaza vichakani, kivulini, kwa sababu jua lilikuwa limeshapungua. Siku chache baadaye mgeni wetu mmoja akaniita pembeni, anaona haya. Kiunoni, pale mkanda wa suruali unapokaa, alikuwa na majipu matatu. Nikasogeza tochi. Katikati ya kila jipu palikuwa na kitundu, na ndani yake kitu kikipanda na kushuka. Ni mabuu ya yule inzi anayetaga kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wa kivulini. Nikaziba vitundu kwa mafuta ya mgando, buu likose hewa, likachungulia, nikabinya taratibu. Yule binti alinishika bega, analia. Nguo zile nilikuwa nimezifua mimi.

Tangu siku hiyo sipandi gari bila pasi ya mkaa. Napiga kila nguo, hata soksi, na kwenye mishono na kiunoni naikandamiza pasi, maana moto ndio unaoua mayai. Kufua nako nimehamishia garini: ndoo ya kifuniko, maji lita 10, sabuni iliyokunwa, nguo chache, naifunga kamba nyuma ya kiti. Mtikisiko wa barabara ya murram, ile ya changarawe, kutoka Katunguru hadi Ishasha unazifua vizuri kuliko mikono yangu. Nasuuza mara mbili, na maji ya povu namwaga kwenye udongo mkavu, mbali na ufuko, kwa sababu kuna watu wanaoteka hapo maji ya kunywa.

Wenye kambi, najua pampu zenu hunywa dizeli, ndiyo maana bomba mnalilinda. Lakini mkikataza bombani bila kutuonyesha pengine, mnatusukuma ziwani, na jioni kwenye maji kuna viboko na mamba juu ya kichocho. Tujengeeni bamba la zege lenye mteremko, maji yaingie kwenye shimo la kokoto. Tufungieni kamba mahali penye jua kutwa, si chini ya mwembe. Wekeni pasi moja. Tozeni: mimi nitalipa shilingi 2,000 kwa ndoo bila kunung'unika, na madereva na wapishi wenzangu niliozungumza nao wanasema vivyo hivyo.

Mwezi ujao narudi kambi ileile na wageni wanane. Nimeshamwambia dereva tupitie Hoima, tujaze mitungi mitatu ya maji ya kufulia.

Mpishi wa safari,
Bombo