Kabla ya kusafisha mchoro, tuujue ulivyotengenezwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo linalonisumbua kwa muda mrefu, mimi ambaye kazi yangu ni kuhifadhi michoro. Kila inapochapishwa habari ya mchoro wa zamani uliosafishwa, sifa zote huuendea mng'ao wake mpya, na ni nadra kuulizwa kama aliyeshika pamba na dawa alijua kwanza mchoraji alitumia rangi gani, aliichanganya na nini na aliipaka kwa utaratibu upi.

Niliwahi kuletewa mchoro wa akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, ambao mwenyewe alikuwa ameshaufuta kwa spiriti, akiamini kwamba rangi ikishakauka imekauka. Akriliki hulainishwa na spiriti hata baada ya miaka mingi. Anga lote la mchoro ule lilikuwa na mabaka, nyuzi za turubai, kitambaa kilichochorwa juu yake, zikionekana katikati yake, na zile pamba, ambazo yule bwana alikuwa amezihifadhi kwenye mfuko kwa majuto, zilikuwa za buluu. Sikuwa na namna ya kuirudisha buluu ile mahali pake.

Uchunguzi ambao ungeuokoa mchoro ule huanza kwa macho tu, taa ikimulika kutoka ubavuni ili kila mpito wa burashi utoe kivuli chake. Eksirei huonyesha mahali mchoraji alipobadili nia na kufunika alichokwisha kuchora, na mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, mara nyingi hufichua mistari ya mkaa iliyo chini ya rangi. Inapobidi, chembe ndogo kuliko punje ya chumvi hutolewa pembeni mwa ufa uliokuwapo tayari, hugandishwa ndani ya plastiki ngumu, husuguliwa hadi iwe laini, kisha huwekwa chini ya hadubini. Hapo tabaka huonekana moja juu ya jingine kama udongo kwenye ukingo wa mto uliomeguka: chaki na gundi chini kabisa, rangi juu yake, kisha vanishi, ule utando angavu wa kuilinda rangi, na mara nyingine utando mwembamba wa rangi ambao mchoraji mwenyewe aliupaka juu ya vanishi. Anayeondoa vanishi bila kuujua utando huo anaufuta mkono wa mchoraji akidhani anafuta uchafu.

Ujuzi huo huweza pia kumwambia mhifadhi asiguse kabisa. Michoro ambayo Mark Rothko, mchoraji wa Marekani, alikichorea chumba cha kulia chakula cha Chuo Kikuu cha Harvard ilitundikwa mwaka 1964 mbele ya madirisha makubwa, na wekundu wake ukafifia kiasi kwamba ilipofika 1979 ilikuwa imeondolewa na kuwekwa ghalani. Ilibainika kuwa alitumia aina ya rangi nyekundu isiyostahimili mwanga, tena aliiacha michoro bila vanishi, kwa hiyo rangi yoyote mpya ambayo ingepakwa juu yake isingeweza kutolewa tena bila kuidhuru ile ya awali. Mwaka 2014 wahifadhi waliimulikia kwa projekta mwanga wa rangi uliopimwa sehemu kwa sehemu, na macho ya watazamaji yakauona tena wekundu wa mwanzo bila turubai kuguswa. Binafsi sijui kazi ya uhifadhi iliyo na adabu kuliko hiyo.

Maneno ya mchoraji nayo ni ushahidi. Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, aliandika katika barua kwamba kuta za chumba chake cha kulala, alichokichora mwaka 1888, ni za zambarau hafifu, ilhali leo zinaonekana buluu. Uchunguzi wa rangi umethibitisha kuwa nyekundu iliyochanganywa humo imefifia. Bila barua zile, tungekuwa na sababu ndogo sana ya kuishuku buluu hiyo.

Ndiyo maana ninawaomba wachoraji walio hai waandike, kwenye karatasi inayobandikwa nyuma ya fremu na si kwenye turubai lenyewe ambako wino huweza kupenya, aina ya rangi, mafuta au gundi waliyochanganya, kama walipaka vanishi na ya aina gani, na kama walikusudia uso ung'ae au using'ae. Ninawaomba pia wanaonunua na wanaoonyesha kazi hizo wayaulize hayo siku ya kuzipokea, maana mchoraji anakumbuka kopo alilofungua mwezi uliopita, lakini baada ya miaka thelathini hatalikumbuka. Na waandishi wako, Mhariri, watakapoalikwa kuutazama mchoro uliofanyiwa ukarabati, waombe kuonyeshwa taarifa ya uchunguzi uliotangulia kabla ya kupiga picha.

Wako,
Mhifadhi wa michoro