Malalamiko kuhusu ada mlizonitoza na semina ya maisha melini

Likoni, Mombasa

Kwa Meneja,
Idara ya Ajira za Mabaharia

KUH: KUREJESHEWA ADA YA KAZI, VIZA NA SEMINA

Mimi ni mmoja wa wale ambao nyinyi, mawakala wa ajira, mliwapeleka kuhudumia vyumba vya abiria katika meli ya kitalii iliyong'oa nanga Southampton mwezi wa Januari kuizunguka dunia. Mkataba wangu umekwisha, nimerudi salama na mshahara nimelipwa wote. Natanguliza haya ili msije mkadhani naishtaki meli. Walionikosea ni nyinyi, tena kabla sijapanda.

Kwanza pesa. Mlinitoza ada ya kutafutiwa kazi, ada ya viza ya mabaharia ya Marekani na ada ya semina, jumla Sh78,500. Risiti ninazo. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza baharia kutozwa gharama za kutafutiwa kazi, iwe waziwazi au kwa kuzungukazunguka. Anachojilipia ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza imetajwa kabisa kuwa ni mzigo wa mwenye meli. Haya sikuyasikia kwenu. Niliyasoma kwenye nakala ya mkataba huo iliyowekwa karibu na mesi ya wafanyakazi, mahali ambapo kila baharia anaruhusiwa kuisoma.

Sasa hiyo semina. Mlitufundisha kutabasamu, kujibu wageni kwa adabu na kukunja taulo litoke umbo la tembo. Tembo wa taulo nilimjua barabara, na abiria walimpenda, hilo siwanyimi. Lakini siku ya kwanza melini hakuna aliyeniuliza habari za tembo. Niliulizwa kituo changu cha dharura ni kipi na namba iliyo kwenye kadi yangu ina maana gani. Honi ya dharura ikilia mara saba kwa kifupi na mara moja kwa kirefu, mimi ndiye niliyetakiwa kusimama ngazini nikiwaelekeza wazee wa watu kwenye boti za kuokolea. Tangu ajali ya meli ya kitalii ya Costa Concordia huko Italia mwaka 2012 sheria imekazwa: abiria wapya hufanyishwa zoezi la kukusanyika kwenye vituo vya dharura kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kwa hiyo mfanyakazi mgeni hana nafasi ya kujifunza polepole. Cheti cha usalama cha chuoni nilikuwa nacho, ila chuo hufundisha kujiokoa wewe. Kuongoza umati uliovaa majaketi ya kujiokolea ya rangi ya machungwa, huku nusu yao hawasikii vizuri, ni kazi nyingine. Neno moja tu kwenye semina yenu lingenisaidia.

Orodha yenu ya vitu vya kubeba ndiyo iliyoniudhi zaidi. Mliandika pasi ndogo, koili ya kuchemshia maji, suti na sanduku kubwa. Pasi na koili zilichukuliwa langoni mbele ya watu, kwa sababu kitu chochote chenye waya wa moto hakiruhusiwi chumbani. Melini moto unaogopwa kuliko maji. Sanduku nalo halikuwa na pa kukaa. Chumba cha wafanyakazi kiko chini, hakina dirisha, tunalala wawili kwenye kitanda cha deka, na kabati langu lilikuwa jembamba. Faragha yako ni pazia la kitanda. Hayo yote yanavumilika, na mwenzangu wa chumbani, mama mmoja wa Ufilipino, alikuwa mtu wa kheri. Yeye ndiye aliyenipa tofaa la kijani na biskuti kavu Atlantiki iliponilevya. Suti sijaivaa hata leo.

Mlisema pia tutafanya kazi saa nane kwa siku na intaneti ni bure. Mkataba wa 2006 niliokwisha kuutaja unaruhusu kazi hadi saa 14 katika saa 24, mradi zisizidi 72 kwa juma. Meli ilifuata kanuni hiyo. Uongo ni wenu. Kuhusu intaneti, marekebisho ya mkataba huo yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanawataka wenye meli waitoe kadiri inavyowezekana, na wakitoza, bei iwe ya kiasi. Hayasemi ni bure. Nilinunua vifurushi kwa dola, wakati nyumbani nilikuwa nimeahidi kupiga simu kila jioni kwa kuwaamini nyinyi. Jioni gani? Tukienda magharibi saa zilirudishwa nyuma usiku baada ya usiku. Honolulu ikiwa saa tatu usiku, Mombasa ni saa nne asubuhi ya kesho yake na mama yuko sokoni. Tulipovuka mstari wa tarehe katika Pasifiki, siku nzima ilirukwa, na mama alidhani nimemsahau siku niliyomwahidi. Ramani moja ukutani ingetosha kutueleza haya.

Ninachotaka ni hiki. Ada ya kazi na ya viza zirudishwe zote, kwa M-Pesa, kwenye namba ileile niliyowalipia, ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii. Ada ya semina nayo mnirudishie, maana sikuuziwa maandalizi. Mkikaa kimya nitapeleka risiti zangu kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa mawakala wa ajira za mabaharia.

Nimesikia kuna kundi jingine linaondoka karibuni. Nusu yao ni vijana wa mtaani kwangu, na orodha yenu nimeiona mikononi mwao, pasi na koili zingali zimeandikwa. Zifuteni kabla hawajakwenda kuzinunua.

Wenu,
Mhudumu wa vyumba, meli ya kitalii
(Nakala za risiti zimeambatishwa)