Boila ikizima kwa presha, usikimbilie kuita fundi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji wenu aliyeandika kutoka Leicester, huku Uingereza, kwamba boila ya nyumba aliyopanga inazima kila asubuhi kwa presha ya maji kushuka, watoto wanaenda shule hawajaoga, na jirani kamshauri afungulie maji mpaka mshale wa geji ya presha uingie kwenye nyekundu ili "ikae muda mrefu". Jamani hapana. Mi ni fundi bomba, kazi nilianzia Tanga na sa hivi nipo Coventry nafanya hiyo hiyo, na kila mwaka baridi ikianza mwezi wa kumi simu za Waswahili wenzangu ni za hili jambo tu, na wengi washamlipa mtu hela nyingi kwa kazi ya dakika tano.

Mlioko nyumbani mtajiuliza boila ya nini ndani ya nyumba. Huku nyumba nyingi zina boksi jeupe ukutani jikoni, linachoma gesi linapasha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta, sio za gari, ni yale mabati mapana ya ukutani yanayotoa joto chumbani, alafu maji yanarudi yamepoa yanapashwa tena. Ni maji yale yale mwaka mzima, hayachanganyiki na ya kuoga. Kwaiyo presha ikishuka maana yake ni kwamba kuna maji yametoka mahali, au umetoa hewa kwenye rejeta hivi karibuni, na hiyo ya hewa ni kawaida wala isikuumize kichwa, unaongeza maji basi.

Geji ipo mbele ya boila au kwa chini, nyingine inaandika namba kwenye kioo. Boila ikiwa imepoa inatakiwa isome kati ya bar 1 na 1.5. Bar 1 ni uzito wa maji yaliyosimama kama mita 10, na yeyote aliyewahi kupandisha simtanki juu ya mnara anaijua hesabu hii, ndo maana kwa nyumba ya kawaida ya ghorofa moja inatosha kabisa kufikisha maji kwenye rejeta ya juu. Ikishuka sana, tuseme nusu bar, boila nyingi zinajizima zenyewe na kuonyesha namba ya hitilafu. Haijafa iyo, inajilinda isipashe moto bila maji ya kutosha.

Sasa huyo jirani. Maji yakipata moto yanatanuka, kwaiyo geji iliyosoma 1.3 asubuhi utaikuta inakaribia 2 boila ikiwa inafanya kazi, na hapo ni sawa tu. Lakini ukijaza mpaka 2.5 maji yakiwa baridi, yakipata moto yanagonga 3, na kwenye bar 3 kuna valvu ya usalama inafunguka yenyewe inamwaga maji nje kupitia kibomba cha shaba kilichotoboa ukuta. Valvu hiyo ikishafunguka mara moja mara nyingi inabaki na chembe ya uchafu kwenye kikalio chake, haifungi vizuri tena, inadondosha tone tone usiku na mchana, na presha inashuka kila siku. Yaani ulikuwa na tatizo la kuongeza maji kidogo, sasa una la kununua valvu.

Namna ya kuongeza ni hii. Zima boila iache ipoe kwanza, maana geji ya boila yenye moto inakudanganya. Inama uangalie kwa chini, utaona kipaipu cha fleksibo kilichosukwa nyuzi za chuma zinazong'aa, kina vikoki viwili, kila upande kimoja. Kikiwa kimening'inia upande mmoja hakijaungwa, kiunge ukaze vizuri. Fungua koki moja yote, ya pili ifungue polepole sana, utasikia maji yanapita shiii, macho yasitoke kwenye geji, ikigusa 1.2 au 1.3 unafunga zote mbili. Narudia, zote mbili, kwa sababu nimeshakuta nyumba presha inapanda yenyewe usiku kucha kisa koki moja imeachwa wazi kidogo na nyingine imechoka. Ukimaliza kichomoe hicho kipaipu, ndo utaratibu wa huku, maji ya kwenye rejeta ni meusi na yana dawa, hayatakiwi kupata njia ya kurudi kwenye bomba la kunywa. Boila nyingine hazina kipaipu, zina kishikio cha plastiki kwa chini au ufunguo wake, hapo soma kitabu chake usibahatishe.

Ukiongeza mara moja na ikakaa miezi, maliza habari. Ila ikishuka tena wiki hiyo hiyo, acha kujaza kila siku kama anayenyweshea bustani, tafuta yanakotoka. Pitisha tishu chini ya kila valvu ya rejeta, palipovuja italowa. Angalia maungio ya shaba kama yana ukungu wa kijani. Toka nje uangalie ukuta chini ya kile kibomba cha shaba, ukiwa umelowa na juzi hapakuwa na mvua (najua huku juzi daima kuna mvua) basi ni ile valvu. Na kama presha inaruka karibu na 3 ikipata moto alafu inalala kwenye sifuri ikipoa, hapo nashuku ile chupa ya kupokea mtanuko. Ni kopo la chuma lina mpira katikati, upande mmoja maji upande wa pili upepo, upepo ukiisha maji hayana pa kutanukia. Fundi anaujaza tena, au anabadilisha kopo kama mpira umepasuka.

Kwa nini nakataza kujaza kila siku? Maji mapya yanaingia na oksijeni, oksijeni inakula chuma cha rejeta kwa ndani, na ile dawa ya kuzuia kutu inazidi kuchujuka. Baada ya muda unapata tope jeusi limekaa chini, ukigusa rejeta juu inaunguza chini ya baridi. Kusafisha tope hilo ni gharama mara nyingi zaidi ya kukaza nati iliyokuwa inavuja.

Kuongeza maji sio kazi ya gesi, mpangaji anaruhusiwa. Kufungua kava la boila hapana, hiyo ni ya fundi aliyeandikishwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi huku, ndo iliyoshika nafasi ya ile ya zamani ya CORGI tangu 2009, na ana kadi yenye picha, mwambie akuonyeshe hata kama ni shemeji yako. Na ukisikia harufu ya gesi achana na geji, fungua madirisha, toka nje upige 0800 111 999.

Kuhusu nani alipe, yule msomaji anasema wakala wa nyumba kamwambia boila ni juu yake. Kumwambia ajaze maji mara moja ni haki, hata mimi ningemwambia. Lakini kuvuja ni la mwenye nyumba, sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji kifungu cha 11 inamtaka atunze mitambo ya joto na maji moto, na kanuni za gesi za 1998 zinataka mitambo yake ya gesi ikaguliwe kila mwaka na mpangaji apewe nakala ya cheti. Asibishane kwa simu. Apige picha ya geji asubuhi kabla hajaongeza, apige tena jioni, atume kwa imeili zenye tarehe, na aombe hicho cheti kwenye imeili hiyo hiyo.

Fundi bomba,
Coventry, Uingereza