Kijana aliyeunda gari apewe vipimo, sio makofi tu

Mhariri,

Mimi ni fundi magari, mtu wa Morogoro, ila sasa naishi Coventry huku Uingereza na gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi nikiwa kwenye basi. Mara kwa mara nakuta habari ya kijana aliyeunda gari uani kwao, picha ipo, watoto wamelizunguka, mkubwa fulani kaja kampa mkono na kumuahidi msaada. Alafu basi, kimya, sisikii tena lile gari liliishia wapi. Inaniuma sana kwa sababu mimi huku nimeunda gari kwa mikono yangu na linatembea barabarani lina namba zake, na sio kwamba nawazidi akili hao vijana, wengine wananizidi mbali, nilichowazidi ni kitabu cha vipimo tu.

Ngoja nieleze. Huku mtu kuunda gari nyumbani ni jambo la miaka mingi. Unanunua chesisi na bodi vikiwa vipande vipande, injini na giaboksi unachomoa kwenye gari lililochoka, unaingia gereji yako. Wengi wanafuata umbo la Lotus Seven, kile kigari kidogo cha wazi cha watu wawili alichokitoa Colin Chapman mwaka 1957. Mimi na mzee jirani yangu tuliunda cha aina hiyo, injini na difu tulitoa kwenye Mazda MX-5 ambayo bodi yake ilishaliwa na kutu, tukafanya kazi Jumamosi hadi Jumamosi kwa miaka 2.

Sasa kigari kikiisha hukipeleki barabarani hivi hivi. Lazima kipite ukaguzi wa serikali unaitwa IVA, ulianza 2009 ukachukua nafasi ya ule wa zamani wa SVA. Tulilipa pauni 450. Na kilichonigusa kuliko vyote ni kwamba ule mwongozo anaotumia mkaguzi uko kwenye intaneti, bure, mtu yeyote anaushusha, na kila kitu kimeandikwa kwa milimita, yaani unaanza kujiandaa siku unayokata bomba la kwanza la chesisi, sio siku ya kukaguliwa.

Nitoe mfano wa kingo za nje. Mkaguzi ana mpira wa duara wa kupimia, upana wake milimita 100, na kila ncha ambayo mpira huo unaweza kuigusa lazima iwe imeviringwa, na ule mviringo nusu kipenyo chake kisipungue milimita 2.5, ili ukimgonga mtu usimchane kama kisu. Hapo tulitumia jioni za wiki 3 nzima, tupa mkononi, kila bolti inayochungulia tunaivalisha kofia ya plastiki, kila ukingo wa madigadi tunaubana na mpira. Ndani ya gari nako wanatumia mpira wa milimita 165, karibu na ukubwa wa kichwa cha mtu, unapitishwa kwenye dashibodi kuona kichwa kitakutana na nini. Mkanda wa kiti, ile ngoe ya juu, iwe angalau milimita 450 juu ya kiti. Breki za mbele zishike kabla ya za nyuma, maana za nyuma zikitangulia gari linageuka. Kelele za ekzosi wanazipima kwa umbali wa nusu mita tu, zisizidi desibeli 99. Spidimita hairuhusiwi kabisa kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda kweli.

Mara ya kwanza tulifeli. Mkaguzi aliendesha taratibu uwanjani, akakata kona, akaachia stelingi, mikono juu, vidole vimetanuka kabisa ili tuone, na stelingi ikabaki pale pale haikurudi katikati. Vigari hivi vyepesi vina tabia hiyo. La pili ilikuwa bolti moja chini ya dashibodi upande wa dereva ambayo sisi wote wawili tuliipita, yeye akaikuta kwa tochi. Hakutugombeza hata neno, aliandika kwenye karatasi sehemu ya mwongozo tuliyokosea, tukarudi nyumbani tunajua la kufanya: tukasogeza bolijointi za juu, vile viungo vinavyoshika magurudumu ya mbele, nyuma kidogo kwa kuweka washa (vibati vya duara) ili magurudumu yajirudishe yenyewe, ile bolti tukaikata na kuivisha kofia. Tukalipa 90 tukapimwa tena tukapita, tukapewa cheti, na cheti ndo kikaenda kuombewa namba.

Najua kuna atakayesema magari ya hao vijana ni hatari. Mengi ni hatari kweli, nisidanganye. Nikiwa likizo niliwahi kuingia chini ya moja, shafti ya stelingi ilikuwa imeungwa kwa kuchomelea mara moja, huwezi hata kusema imeshika pande zote, na mpira wa breki unagusana na bomba la moshi. Kijana mwenyewe alikuwa na mikono mizuri mno, mlango aliouunda unafunga vizuri kuliko wa gari langu. Hakuna aliyewahi kumwambia shafti ya stelingi haiungwi vile, na angetaka kujua angesoma wapi?

Nyumbani hatukosi watu. Kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu kule Kibaha wanajua magari, vyuo vya ufundi vya VETA wanafundisha kuchomelea, shirika la viwango TBS kazi yao ni viwango. Ninachoomba wakae wakaandike kijitabu cha Kiswahili, hata kurasa 40, cha gari moja moja la kuundwa nyumbani, waanze na breki, stelingi, taa na mikanda, wataje vipimo, waseme mtu akishamaliza alipeleke wapi na kwa ada gani, na akifeli aambiwe kwa maandishi amefeli wapi ili arudi.

Na wewe mhariri nakuomba jambo moja. Mwandishi wako akienda tena kwa kijana wa namna hii aende na fundi, waingie chini na tochi, kisha muandike na mlichokiona huko chini pamoja na picha yake, tujue anahitaji kusaidiwa nini.

Fundi wa Morogoro,
Coventry, Uingereza