Mke wangu ameita fundi wa dari bila kuniuliza

Asalam alaykum Bibi,

Naandika saa tisa za usiku, usingizi umekataa tangu jana magharibi. Tatizo ni dari ya ukumbini, ile ya vipele vipele ambayo watoto wanaiita dari ya bisi. Mwenzangu anataka itoke kabla ya harusi ya binti yetu wa mwisho, Mfungo Mosi. Hilo sina ugomvi nalo, hata mimi imenichosha, inashika buibui na vumbi. Lakini kaleta fundi, kakaa naye barazani, wamepatana na bei, mimi niko msikitini. Hakuniuliza. Miaka 40 mwiko haujanitoka mkononi, nusu ya dari za mtaa huu nimezipiga lipu mimi, na hakuniuliza.

Na fundi mwenyewe ni kijana niliyemfundisha kuchanganya lipu. Katazama juu mara moja: "Hii ya kukwangua tu mzee, siku moja, halafu tunapiga putii." Siku moja! Wacha nikueleze wewe, maana humu ndani hakuna wa kunisikiliza.

Dari ya vipele hukwanguka kwa wepesi ikiwa haijapata kupakwa rangi. Unainyunyizia maji ya vuguvugu yenye matone ya sabuni, unangoja dakika 15, unapitisha skrepa ya inchi sita, inashuka kama uji. Usipongoja, inashuka vumbi. Ukizidisha maji, lipu ya chini nayo inalainika na skrepa inaichimba mashimo. Ndiyo maana mtu hujaribu kwanza pembeni, nyuma ya pazia, kipande cha sentimita 30 kwa 30. Kijana hakujaribu. Angelijaribu angeliona maji yanateleza na kumrudia usoni, kwa sababu dari ile imepakwa rangi ya mafuta, tena mara mbili. (Nimeipaka mimi, ndiyo. Wakati ule ilikuwa inang'aa, na masizi ya karabai yalikuwa yanafutika kwa kitambaa.) Rangi ya mafuta haipitishi maji. Kwa hivyo atakwangua kavu, na hapo ndipo ninapokataa.

Nakataa kwa sababu ya asbestosi, jiwe la nyuzi nyuzi ambalo vumbi lake likivutwa huharibu mapafu. Mwenzangu anasema nazua nipate kisingizio. Sizui. Dari hizi mtindo wake ni wa Marekani na Ulaya, na huko walikuwa wakitia nyuzi za asbestosi ndani ya mchanganyiko ili ushike na usiungue moto. Marekani walikataza kurusha darini mchanganyiko wa namna hiyo mwaka 1978, lakini mali iliyokuwa ghalani iliendelea kutumika miaka kadhaa. Uingereza asbestosi nyeupe, aina mojawapo, haikukatazwa mpaka mwaka 1999. Yetu ni ya mwaka 1985, magunia manane yaliyotoka Dubai wakati ule bidhaa zilipoanza kumiminika. Juu ya gunia hapakuandikwa kitu ila uzito. Kwa macho haijulikani imo au haimo, hata uwe fundi vipi, mpaka maabara chini ya hadubini. Ikikaa pale juu imetulia chini ya rangi haimsumbui mtu. Ikikwanguliwa kavu au ikipigwa msasa, nyuzi zinaruka, huzioni, zinaelea hewani kwa masaa, na aliyezivuta pengine asiugue mpaka ipite miaka 20 au 40.

Kuchukua sampuli ni kazi ya dakika kumi. Unalowesha, unakata kiasi cha kijiko cha chai mpaka ufike kwenye zege, pahala patatu mbalimbali. Unatia kwenye mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwenziwe, unafuta kwa kitambaa kibichi, unaziba matundu kwa putii. Ufagio usiguse sakafu.

Basi nikasema, kama haraka ni ya harusi, tuifunike kwa bodi za jipsamu. Ukumbi ni mita 4 kwa 5. Bodi ya mita 1.20 kwa 2.40 inafunika mita za mraba 2.88, kwa hesabu ni saba, lakini nunua nane kwa sababu ukuta wetu haujanyooka. Chaneli, vile vyuma vya kushikia bodi, zikae kila sentimita 40, si 60 kama wanavyobana matumizi vijana, maana kwa unyevu wa masika bodi ya milimita 9 inalegea katikati kama mkeka uliolowa. Skrubu ziwe za zinki, kila sentimita 20, kichwa kizame kidogo bila kutoboa karatasi. Pa kutoboa darini palowe kwanza. Panka lisining'inie kwenye bodi, ndoano yake ifike kwenye zege. Haya yote nilimwambia kijana mbele ya mwenzangu. Mwenzangu akasema, "Mwache mwenye kazi afanye kazi." Mwenye kazi! Mimi nani, Bibi?

Tena kufunika nako kuna kasoro yake. Juu ya mlango wa barazani pana mstari wa kahawia ulionyooka, kando yake mwengine, sentimita 20 baina yao, na wa tatu unaanza. Maji yanayovuja hayachori mistari iliyonyooka. Hiyo ni nondo. Miaka ile tulijengea mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi imo ndani ya zege, nondo inashika kutu, kutu inafura, zege linatemwa. Ukigonga kwa mpini wa nyundo, pazima panalia kama jiwe na pabovu panalia debe tupu. Usiku huu nimegonga kwa mpini wa ufagio, polepole wasiamke. Panalia debe toka mlangoni mpaka kwenye panka. Kipande cha zege cha ukubwa wa sahani, unene wa vidole viwili, kina kilo tatu na ushei, na bodi ya jipsamu haikizuii.

Dawa yake ni kubomoa palipooza mpaka kidole kipite nyuma ya nondo, kuisugua kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kisha saruji moja kwa mchanga wa shimo tatu, mchanganyiko mkavumkavu, tabaka juu ya tabaka, na kulirushia maji siku saba. Lakini huwezi kubomoa zege bila kubomoa vipele. Tunarudi palepale kwenye sampuli.

Utasema, si umwambie mkeo hayo? La nondo nimemwambia. La asbestosi nimemwambia nusu. Magunia yale manane, Bibi, niliyafungua mimi, na dari niliirusha mimi, bila hata kitambaa puani, kwa siku mbili. Yeye alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa anafagia nyuma yangu kwa fagio la chelewa, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, tukichekana. Hakuna aliyejua. Kifua chake kinachomshika kila kipupwe tunakiita baridi.

Nikipeleka sampuli, majibu yatakuja kwenye karatasi naye atayasoma. Nisipopeleka, kijana atakwangua. Pengine tufunike tu kwa jipsamu, nondo nizitazame baada ya harusi. Najua nilichoandika hapo juu kuhusu zege. Unanishauri nini, nimwambie sasa, harusi iko mlangoni, au nitafute sababu nyengine ya kumzuia kijana? Na ukinijibu, usitaje mtaa.

Lakini angeliniuliza, Bibi. Angelisema tu, "Baba watoto, dari hii tuifanyeje?", ningelipata pa kuanzia.

Leo Alkhamisi. Kijana anakuja Jumamosi saa mbili.

Msomaji wako,
Unguja