Risala ya Wanafunzi na Wahitimu wa Fizikia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wazee, na wanafunzi wenzetu wa Unguja na Pemba, assalaam alaykum.

Ahsante kwa kuitikia wito wetu. Nafasi za uzamivu (PhD) zenye ufadhili katika fizikia ya maabara, ya molekuli na kwanta (tabia za vitu vidogo mno kama atomu), hutoka kila mwaka, nasi tunazipita kwa kuwa tunatafuta tangazo lenye neno "skolashipu". Ujerumani, Austria na Uholanzi mara nyingi hutangazwa kama kazi: mkataba wa miaka mitatu au minne, na mshahara. Marekani chuo hufuta ada na kutoa posho, mwanafunzi naye hufundisha au husaidia utafiti, na aghlabu uzamili si sharti. Mitandao ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya unaofadhili uzamivu, haibagui uraia, ila ina sharti linalonasa watu: usiwe umeishi katika nchi unayoiomba zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia.

Profesa wa maabara anatafuta mikono. Atomu za rubidiamu hupoozwa kwa leza ya nanomita 780 ndani ya chemba iliyonyonywa hewa karibu yote. Alama ya kidole ikibaki ndani hutoa mvuke na kuharibu ombwe. Ndiyo maana glavu hazivuliwi, na chemba huokwa kwa siku kadhaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100. Molekuli ni korofi zaidi. Ikitema mwanga huweza kuangukia ngazi nyengine ya mtetemo, yaani kiwango chengine cha nishati, ambayo leza ya kwanza haiigusi, basi huwekwa leza za ziada za kuirejesha. Kwa watu wa kazi hiyo, barua ya "napenda sana kwanta" haisemi kitu. Taja ulichokiunda, ulichokipima, na kipimo kilikosea kwa kiasi gani.

Cha kuunda kipo, nacho ni intaferomita, chombo kinachogawa mwanga mara mbili kisha kuukutanisha ukatoa mistari ya mwanga na giza: leza nyekundu ya nanomita 650, vioo viwili na kioo cha kugawa mwanga. Kioo kimoja kikisogea nanomita 325, mstari mmoja wa mwanga unahama. Lakini mtu akipita ukumbini, mistari yote inacheza. Dawa yake ni ubao mzito juu ya mpira wa ndani wa tairi, upepo usijae. Chumvi ya pwani nayo hula mpako wa vioo. Vikae kwenye kopo lenye silika jeli.

Makaratasi hukwama kwenye barua za mapendekezo, kwani mwalimu huzituma mwenyewe. Aombwe wiki sita kabla, si siku tatu. Na anayedai pesa akutafutie nafasi, mkimbie.

Mheshimiwa, tunaomba osiloskopu (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme) mbili za megahezi 100, pasi nne za kulehemu na stabilaiza, maana umeme ukiyumba leza haitulii. Tunaomba pia ada ya mtihani wa Kiingereza kwa wanaotakiwa kuufanya (vyuo vyengine hutosheka na barua kwamba ulisoma kwa Kiingereza), na nauli ya boti kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya viza, hasa kwa ndugu zetu wa Pemba.

La mwisho ni chumba cha vyombo hivi. Kiwe cha chini, mbali na ngazi, nyayo za watu zisiitikise mistari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.