Walimu wa kwaya, malizaneni na tempo kabla magitaa hayajaingia

Mhariri, naomba nafasi niseme na walimu wa kwaya pamoja na maprodyuza wetu vijana, maana hili jambo la kubadili tempo wakati wimbo umesharekodiwa linaharibu nyimbo nzuri na michango ya waumini inapotea bure.

Kwaya nyingi huku Kanda ya Ziwa zinarekodi hivi: prodyuza anaanza na biti ya kibodi, alafu mpiga solo na mpiga ridhim wanaingiza magitaa, mwisho ndo kwaya inaingiza sauti ya kwanza mpaka ya nne. Kila kitu kimekaa vizuri, mwalimu anasikiliza anasema wimbo umepoa, ongeza spidi kidogo. Prodyuza kwa haraka zake anaenda kwenye ile namba ya tempo, yaani mapigo kwa dakika, inasoma 120 anaweka 125, anapleyi. Ngoma zinakimbia, magitaa na sauti vimebaki kulekule. Hapo ndo utasikia kompyuta ina shida, au mpiga solo alikuwa nje ya biti, mtoto wa watu kapiga vizuri kabisa anasingiziwa.

Kompyuta haina shida yoyote jamani. Ngoma na kinanda vilivyoandikwa ndani ya kompyuta ni maagizo tu, kwamba noti hii ilie pigo la pili na hii la tatu, ukibadili tempo maagizo yanafuata. Gitaa lililorekodiwa ni sauti yenyewe, imehifadhiwa kwa sampo, yaani vipimo vidogovidogo vya sauti, mfano 44,100 kila sekunde, lenyewe halijui baa wala pigo, linajua muda tu. Piga hesabu uone. Kwenye 120 pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo baa ya mapigo manne ni sekunde 2, kwenye 125 baa hiyohiyo ni sekunde 1.92. Ukifika baa ya 50 ngoma zimemaliza kwenye sekunde ya 96 na gitaa linataka mpaka sekunde ya 100, yaani ngoma zimeshaingia kwenye sebene na kwaya bado inamalizia kiitikio.

Wapo wanaojua lazima rekodi ivutwe, yaani urefu wake ubadilishwe ufuate tempo mpya, ila wanaikimbiza kama kanda ya kaseti, na noti za sauti nazo zinapanda. Tempo ya 100 ukiikimbiza hivyo mpaka 106 wimbo umepanda karibu nusu toni nzima, yaani toka kibonye kimoja cha kinanda mpaka kinachofuata, 120 kwenda 125 unapanda kama asilimia 70 ya nusu toni, kwa hiyo kinanda kiko kwenye noti yake ya G na magitaa yako hewani hayako G wala popote. Njia sahihi ni kuvuta muda bila kupandisha wala kushusha noti na programu za kurekodia karibu zote zinaweza, Ableton Live wanaita Warp, Logic ni Flex, Pro Tools ni Elastic Audio, Cubase ni Musical Mode, na FL Studio ambayo ndo vijana wengi wanayo pia inaweza, ila ukiiacha kwenye Resample, ambayo ndo ile ya kukimbiza kama kanda, sauti itapanda tu.

Sasa hapa panataka utulivu. Kabla hujagusa ile namba seva kopi mpya. Kila trak iunganishe iwe faili moja refu kuanzia baa ya kwanza, maana gitaa lililokatwakatwa lina vipande vingi na ukisahau kimoja hakivutwi, utakuja kukigundua siku wimbo umeshatoka. Iambie programu kwamba hili lilirekodiwa kwenye 120, usiiache ikisie, wakati mwingine inakisia nusu au mara mbili ya tempo yenyewe. Ndo ubadilishe. Kama kwaya ilichukuliwa na maiki mbili zivute kwa pamoja kama kundi, ukivuta moja moja mawimbi yanapishana na sauti za watu wote zinakuwa nyembamba. Na ile eko uliyoiseti milisekunde 500 iweke 480, hii wengi wanaisahau kabisa alafu wanashangaa kiitikio kimevurugika.

Tena vuta kidogo tu. Toka 120 mpaka 125 urefu unabaki asilimia 96, masikio yanavumilia. Ukitaka 140, kwaya nzima itasikika kama inaimba chini ya maji na gitaa linapoteza ule mguso wa kidole kwenye waya, hapo mrudishe mpiga gitaa, mlipe nauli, apige upya. Ni gharama ndogo kuliko wimbo ulioharibika.

Kuna na hili, wimbo unakimbia na hakuna aliyegusa tempo. Angalia kama faili lilirekodiwa 44,100 likafunguliwa kwenye projekti ya 48,000 bila kugeuzwa, linakimbia karibu asilimia 9 na sauti inapanda karibu nusu toni moja na nusu. Na vijana mnaoremix zile bendi za zamani zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, wale wazee walipiga pamoja chumba kimoja bila kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo, tempo inapanda na kushuka na wao, tafadhali pangeni ngoma zenu zifuate bendi, msiilazimishe bendi ikanyooka kama rula.

Walimu, ninachowaomba ni hiki, kabla gitaa hata moja halijaingia, leteni waimbaji wachache studio, wasimame, waimbe wimbo mzima na zile hatua zao za kucheza juu ya kliki tupu. Jaribuni 118, 120, 124, miguu itawaambia wapi panachezeka na wapi watu wanakosa pumzi, maana mwalimu akiwa amekaa kwenye kiti kila tempo anaiona sawa. Mkishakubaliana prodyuza aandike namba hiyo kwenye jina la kila faili, pamoja na 44,100 au 48,000, na siku ya kuwakabidhi trak zenu awape zote zikiwa zinaanzia sekunde sifuri, hata ile ya solo inayoingia dakika ya tatu.

Fundi wa studio,
Mwanza